Babu Yangu, Mwana wa Mlima

Jumapili ya pili ya Novemba nilipita Ngong Road, Nairobi, nikawaona watu wa tawi la Kenya la Royal British Legion, chama cha Uingereza cha askari wa zamani, wakitoka kwenye makaburi ya vita, kila mmoja na lile ua jekundu la karatasi la kuwakumbuka waliokufa vitani kifuani. Sina neno nao. Kilichonichoma kilikuwa kwenye grupu ya ukoo wetu WhatsApp, ambapo binamu mmoja alikuwa ameandika: "Hawa wazungu wana roho nzuri, mpaka leo wanalisha wazee wetu."

Roho nzuri! Vita vilipoisha 1945, askari Mwafrika wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, alilipwa kiinua mgongo cha karibu theluthi ya kile cha mzungu wa cheo kile kile. Hilo ni deni, binamu, tena halijatozwa riba.

Lakini pesa tuziache. Ugomvi wangu ni wa jina.

Babu alikwenda vitani Burma (Myanmar ya leo), akapita lile tope la bonde la Kabaw mwaka 1944, akarudi na kitabu cha kuachishwa jeshi. Karani aliyekijaza hakuelewa majina yetu. Mahali pa jina la baba akaandika jina la mlima ulio nyuma ya boma letu. Kwa Mfalme, basi, babu yangu alikuwa mwana wa mlima. Nyumbani walicheka miaka na miaka.

Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 ili wazee waliotumikia jeshi lake katika Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, wapate milo miwili kwa siku. Shosho, mjane wa babu, akasikia, akafungua sanduku la bati. Nikampeleka ofisi moja hapa mjini (si ya hao wenye maua, na sitaitaja jina). Jina la kitabuni halilingani na la kitambulisho, mama. Cheti cha ndoa kiko wapi? Cheti gani, na yeye aliolewa kwa mbuzi na pombe? Nendeni kwa chifu. Nendeni kwa wakili. Rudini Alhamisi. Mara nne tulipanda matatu kutoka Machakos, yeye na magoti yake.

Sasa niambieni, nani aliyekosea jina? Jeshi. Nani ana madaftari? Jeshi. Namba ya babu iko pale kitabuni, haina kasoro hata tarakimu moja. Walipomtaka Burma walimpata kwa namba hiyo. Leo ni kuangalia tu daftari, na kazi hiyo anasukumiwa ajuza asiyejua kusoma!

Haya, matapeli wapo, wajane wa kubuni wapo. Na hao wenye maua, watu wa kujitolea, nakiri shingo upande, wamebeba mzigo ambao serikali yetu haijaugusa hata kwa kidole. Serikali yetu tusiianze leo.

Ila sanamu za askari na mpagazi pale Kenyatta Avenue zinaahidi tangu 1928, tena kwa Kiswahili, kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa vitani. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ikakiri kwamba waliokufa Vita vya Kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina popote. Sisi watoto tunakumbuka vizuri kabisa, asanteni.

Mwishowe tulilipia hati ya kiapo. Wakili akamuuliza shosho kama anaapa kwamba mumewe na huyo wa mlima ni mtu mmoja.

"Wangu alirudi na vidole vinane vya miguu," akasema. "Huo mlima una vingapi?"