Robo Inchi Si Sita

"Chukua tu, sita na robo ni mtu na ndugu yake." Kauli hiyo, kwamba biti (chuma cha kukatia) yenye mguu wa milimita 6, yaani shina linaloingia mashineni, inafaa ruta, mashine ya kuchonga mbao, ya robo inchi, imezagaa kwa wauza vifaa hapa Tanga, na mafundi wazima, wenye wake na watoto, wanaitikia na kulipa. Kisha biti ikichomoka ikachimba shimo kwenye mlango wa mninga wa watu, ruta ndiyo inayotukanwa: mashine feki, mashine ina mkosi, mashine inakula vidole.

Haina mkosi. Ina nafasi ya milimita 0.35, basi. Robo inchi ni milimita 6.35, na koleti yake, kile kibanio cha biti, imetengenezwa kuubana mguu wa unene huo, si mwingine. Ukiitia mguu wa 6, nati itakaza na utahisi imeuma, kumbe imeshika sehemu ndogo tu ya mguu badala ya kuukumbatia wote. Washa sasa, mizunguko 20,000 kwa dakika. Joto linapanda, mguu unaanza kuteleza. Biti ya parafujo, ile inayotupa maranda juu, hujivuta yenyewe kwenda chini ndani ya mbao. Mfereji ulioanza na kina cha milimita 5 unaishia 9, na wewe hujagusa kitu. Hapo umepona, umepoteza mbao tu.

Halafu kuna mabingwa wa kuzungushia mguu karatasi ya pakiti ya sigara, au kipande cha kopo la soda, "ujae". Ni kumfunga mbwa mkali kwa uzi wa cherehani halafu kulisifia fundo! Na kwenye nusu inchi mambo ni mabaya zaidi: ni milimita 12.7, ukitia mguu wa 12 nafasi ni mara mbili ya ile.

Nenda dukani na venia, kile kifaa cha kupimia unene, mfukoni. Muuzaji akinuna, anune. Haya, nakubali: koleti ya kipimo sahihi si kila duka inayo, na mwenye mlango anautaka Ijumaa. Basi siku hiyo shika patasi na randa. Milango ya nakshi ya Bagamoyo na Pangani haikungoja umeme.

Hata kipimo kikiwa sawa, biti ina namna yake ya kuingizwa. Chomoa plagi kwanza. Sukuma mguu mpaka ugote, kisha urudishe milimita 2 au 3, kwa sababu nati ikikaza huivuta koleti ndani pamoja na mguu. Uliogota hauna pa kwenda, na koleti haifungi sawasawa. Milimita 20 angalau zibaki ndani. Piga mstari wa kalamu ya wino pale mguu unapotokea mdomoni mwa koleti. Ukimaliza mkato wa kwanza, zima, ngoja isimame, tazama. Mstari umesogea? Usikimbilie kuongeza nguvu ya spana. Fungua yote, utakuta utomvu, vumbi au kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haikosi. Futa kwa kitambaa chenye thina. Mafuta usiweke kabisa. Koleti yenye ufa, tupa. Na usiikaze ikiwa tupu, utaiharibu bure.

Mengine mnayajua, mnayapuuza tu. Ukizunguka ukingo wa nje wa ubao, nenda kinyume cha mshale wa saa. Ndani ya tundu, fuata mshale. Ukigeuza, ruta inakupokonya na kukimbia. Biti ya 6 ipewe milimita 3 kwa mkato mmoja, kwa hiyo mfereji wa kina cha 12 ni mara nne, si mara moja kwa kifua. Biti pana ya milimita 50 ishushwe mpaka mizunguko 16,000: kwenye 24,000 ncha zake zinakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa, na basi la Dar tunalibana lisizidi 80. Mvule ukagueni, una mawe ndani yanayovunja meno ya biti, na vumbi lake linawasha. Glovu vua.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla hujaiweka ruta mezani. Iliyosahauliwa ikiwa imewashwa huamka yenyewe umeme ukirudi, ikatembea mezani na biti imetoka nje, na wewe uko nje unakunywa kahawa.