Kura ya Diwani Nayo Ifuatiliwe

Agosti 10, 2027, kila mpiga kura Kenya atakabidhiwa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani. Magazetini na redioni tayari ni urais tu. Anayeuliza ni nani wanaowania udiwani kwao huonekana mtu wa siasa ndogo ndogo, na hapo ndipo tunapokosea.

Wanaomtazama rais kwanza wana hoja. Polisi na kodi kubwa kubwa ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti zenyewe huishi kwa mgao. Hazina Kuu ikichelewesha fedha, wauguzi wa kaunti hukaa bila mishahara. Tena mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211 pekee nchi nzima. Kinyang'anyiro cha aina hiyo lazima kifuatiliwe.

Lakini hebu tupige hesabu ya wadi. Mwaka huo waliosajiliwa walikuwa takriban milioni 22.1, na wadi ni 1,450. Hiyo ni wastani wa wapiga kura 15,000 hivi kwa wadi. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, kwa hiyo zinabaki kura kama elfu kumi, nazo zinagombaniwa na wawaniaji chungu nzima. Mtaa mmoja ukishikana unaweza kuamua nani aende bunge la kaunti. Na huko ndiko inakopitishwa bajeti ya zahanati, masoko, maji, uzoaji taka na shule za chekechea. Ndiko pia inakopitishwa sheria ya fedha ya kaunti, inayopanga ada ya leseni ya kibanda na ya kuegesha gari mjini. Thuluthi mbili ya madiwani wakikubaliana, gavana hupelekwa mbele ya Seneti. Mike Sonko alivuliwa ugavana wa Nairobi kwa njia hiyo Desemba 2020. Sonko alijulikana jiji zima. Wangapi kati ya waliopiga kura ya kumbandua walijulikana hata na majirani zao?

Wapo wanaopiga suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi diwani, ili rais apate watu wa kumsaidia. Kwa mbunge na seneta, wanaotunga sheria za nchi, naielewa hoja hiyo. Kwa diwani siioni. Kazi yake ni kumkagua gavana, na suti humpa gavana wakaguzi wa chama chake mwenyewe.

Isitoshe, kwenye ngome za vyama kusubiri Agosti ni kuchelewa. Huko mwenye tiketi ni kama ameshashinda, na tiketi hutolewa kwenye mchujo miezi kadhaa kabla, wakati macho yote yako kwenye miungano ya urais. Mwaka 2022 mchujo ulifanyika Aprili, na baadhi ya wawaniaji walipewa tiketi za moja kwa moja bila kura hata moja kupigwa. Maswali ya kuuliza ni ya sasa: diwani wetu aliunga mkono bajeti ipi, mradi gani uliopangiwa wadi yetu haukufika, na chama kitampataje mwaniaji wake.