Usimwambie Mslovakia kwamba anaongea Kicheki

Mwaka wangu wa kwanza Brno, mji wa Ucheki, nililala chumba kimoja na kijana wa Košice, mji wa mashariki mwa Slovakia. Kila jioni jikoni pale hosteli yeye anaongea Kislovakia, jirani yetu Mcheki anamjibu kwa Kicheki, wanabishana hoki ya barafu mpaka usiku, na hakuna anayeacha lugha yake wala anayehitaji mkalimani. Mimi na kozi yangu ya Kicheki niliyoitolea jasho, naambulia nusu.

Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeokota maneno ya mwenzangu nikayapachika humo. Yeye mtihani wake aliujibu kwa Kislovakia kitupu, ruksa kabisa. Hata ofisi za serikali ya Ucheki hupokea barua za Kislovakia bila tafsiri. Nikamwambia, kwa wivu kidogo, "Basi ni lugha moja hiyo." Akaweka kijiko chini.

Somo la historia nililipata nikiwa nimeshika sufuria. Waslovakia wa Kiprotestanti walisali kwa karne nyingi kwa Kicheki cha Biblia ya Kralice. Mwaka 1787 padre mmoja Mkatoliki, Anton Bernolák, akajaribu kusanifisha Kislovakia kwa lahaja za magharibi. Mwaka 1843 Ľudovít Štúr na wenzake wakachagua lahaja za kati, na huo ndio msingi wa Kislovakia cha leo. Halafu ikaja Chekoslovakia, nchi moja ya Wacheki na Waslovakia, na sheria ya 1920 ikatangaza lugha rasmi ya nchi kuwa "Kichekoslovakia", lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto. Wacheki waliendelea na chao, Waslovakia na chao, ila Waslovakia wengi walihisi wanamezwa. Kwa maoni yangu sheria ile iliharibu kuliko ilivyojenga. Mnyarwanda na Mrundi wanasikilizana vizuri tu, lakini hebu wape lugha yao jina moja kwa amri ya serikali uone.

Na tofauti zipo. Kicheki kina ile ř, r inayotetemeka huku inazomea, ambayo hata watoto wa Kicheki hupelekwa kwa mtaalamu wa matamshi wakaifunzwe. Kislovakia hakina habari nayo. Mslovakia anasema január, február, karibu kama sisi. Mcheki ana miezi yake: Agosti ni srpen, la jamii moja na neno la mundu, na Novemba ni listopad, majani kudondoka. Ukisema mtu ni chudý, Mcheki anasikia maskini, Mslovakia anasikia mwembamba.

Mimi nilinaswa na pivnica. Mwenzangu alinitumia ujumbe kwamba baiskeli yangu ameiacha pivnica. Kwa Kicheki changu cha darasani, pivnice ni baa ya bia. Nilizunguka baa tatu za mtaa ule, nimefura, nauliza baiskeli ya kijani. Kumbe kwa Kislovakia ni chumba cha chini ya nyumba. Baiskeli ilikuwa chini ya miguu yetu, imefungwa kwa kufuli.

Lakini siamini kwamba sarufi ndiyo inayowafanya waelewane. Ni masikio. Enzi za shirikisho la Chekoslovakia, watangazaji wa Kicheki na wa Kislovakia walipokezana kwenye televisheni moja, na mtoto alikua akisikia zote mbili bila kujua kwamba anajifunza. Tangu Januari 1, 1993 ni nchi mbili. Waslovakia bado wanasoma vitabu vya Kicheki na kutazama filamu zilizotiwa sauti za Kicheki. Kicheki kinavuka mpaka kila siku. Kislovakia kinarudi kwa nadra.

Safari moja tulikwenda Praha, mji mkuu wa Ucheki. Mwenzangu akaingia mgahawani, akaagiza chai na keki kwa Kislovakia, kama anavyoagiza Brno siku zote. Binti wa kaunta, labda miaka kumi na saba, akamtazama kidogo, akatabasamu kwa adabu, akamjibu kwa Kiingereza. Jamaa alilipa kimya. Hakusema neno, kwa lugha yoyote, mpaka tulipofika kituo cha tramu.