Chupa ya Chai Iliyozidi Maarifa

Kwa siku nne niliamini kwamba jikoni kwangu, Ubungo, Dar es Salaam, nimefanikiwa katika jambo lililowatia aibu Martin Fleischmann na Stanley Pons, ambao tarehe 23 Machi 1989 walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba chombo chao cha metali ya paladiamu na maji mazito (yaani yenye hidrojeni nzito) kilitoa joto kupita umeme kilicholishwa, dai ambalo maabara nyingi zilishindwa kulirudia. Mimi nilitumia nikeli, maji yenye potasiamu kaboneti, na chupa ya chai niliyoiazima kwa shangazi bila kumweleza inakwenda kufanya kazi gani.

Mabwana wale waliulizwa, pamoja na mengine, kama maji yao yalichanganyika vya kutosha, kwa kuwa kihisi cha joto kikikaa penye joto zaidi hukisingizia chombo kizima. Kwa hiyo nilikoroga. Nilikoroga kwa mwiko dakika 50, hadi mkono ukafa ganzi. Kihisi nacho nilikikagua: kabla ya kuwasha umeme kilisoma nyuzi 27, sawasawa na kipimajoto changu cha kioo, ambacho muda mfupi baadaye kilinidondoka kikavunjika.

Umeme ulioingia ulikuwa kilojuli 165. Lita moja ya maji, kwa mujibu wa mita inayosoma kihisi, ilipanda kutoka nyuzi 27 hadi 69, yaani kilojuli 176. Nilirudia mara tatu na ziada haikutoroka, ndipo nikatoka kibarazani kuwatangazia majirani kwamba siku za kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinahesabika.

Kesho yake shangazi alifika kudai chupa yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha, bila kuomba ruhusa, akakitumbukiza kihisi katika sufuria ya maji ya chai yaliyokuwa yakitokota. Mita ikaandika 121.

“Mwanangu,” akasema, “na sufuria yangu nayo imegundua?”

Maji ya sufuria isiyo na mfuniko, karibu na usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 100 na hayaendi mbele. Nilifuta vumbi kwenye plagi ya kihisi, ikajitokeza herufi J, alama ya aina ya kihisi, ilhali mita niliiweka kwenye K, aina nyingine. Kihisi cha J hutoa takriban mikrovolti 52 kwa kila nyuzi, na cha K takriban 41. Mita yangu, ikidhani inasoma K, ilikuwa ikiongeza zaidi ya robo juu ya kila nyuzi iliyopanda. Vihisi hivi hutoa volti kwa tofauti ya joto kati ya maji na chumba tu, kwa hiyo maji yakiwa na joto lilelile la chumba, kosa hilo huwa sifuri. Nilikuwa nimekikagua kihisi mahali pekee ambapo kisingeweza kukosea.

Shangazi aliinusa chupa yake, akanirudishia, akadai mpya. Jirani wa chumba cha pili bado hunigongea mlango kila LUKU yake inapokata, akiuliza kwa adabu zote kama ninaweza kumkorogea kidogo.