Tenda wema, halafu rudi uangalie

Likizo ya Desemba ikifika, Tanga haikosi kambi za vijana. Nyingine ni za dini, nyingine za mashirika, nyingine za watu wa mtaani tu waliochoka kuona watoto wao wakipotelea kwenye unga na mirungi. Siku ya kufunga hugawiwa vyeti, hupigwa picha ya pamoja, na mgeni rasmi husema kambi imefana. Imefana kwa kipimo gani? Swali hilo lilichukua sehemu kubwa ya maisha ya Joan McCord, mwanasosholojia wa Marekani, na jibu alilolipata linatuhusu sana.

McCord alizaliwa mwaka 1930, akaanza na falsafa, na mwaka 1968 akapata udaktari wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, huku akilea watoto wawili wa kiume baada ya ndoa yake kuvunjika. Alifundisha Drexel na kisha Temple, vyuo vya Philadelphia, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Kriminolojia cha Marekani, yaani chama cha wanaochunguza uhalifu na sababu zake. Alifariki mwaka 2004.

Kazi iliyomjengea jina haikuanzishwa naye. Mwaka 1939 mradi wa daktari mmoja, Richard Cabot, ulianza kusaidia wavulana wa mitaa ya watu maskini katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts. Walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia na mazingira, kisha ikarushwa sarafu: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe aendelee na maisha yake. Waliobaki kwenye utafiti walikuwa 506, nusu kwa nusu. Waliosaidiwa walitembelewa nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, wakafundishwa masomo, wakatibiwa na kupelekwa kambi za majira ya joto, kwa wastani wa miaka mitano na nusu.

Sisi tumelelewa na usemi wa tenda wema nenda zako. McCord alirudi. Zaidi ya miaka 30 baada ya mradi kuanza, aliwatafuta wale wavulana wakiwa watu wazima, akapekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo. Alipowauliza wenyewe, karibu theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu zilisema vingine. Mradi haukuwazuia kuvunja sheria, na kati ya waliosaidiwa kulikuwa na wengi zaidi waliorudia makosa, wenye dalili za ulevi, na waliokufa mapema. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1978. Baadaye, yeye na wenzake walipochunguza zaidi, waligundua kuwa madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Aliyewahi kulala kambini na vijana haoni ajabu. Mchana wote wanamsikiliza mwalimu. Taa zikizimwa, anayesikilizwa ni yule aliyewahi kulala rumande: anasimulia alivyokimbizwa na askari, wenzake wanacheka, na mdogo kuliko wote anaanza kutafuta na yeye kisa cha kusimulia. Hakuna aliyempa somo hilo, lakini ndilo analorudi nalo nyumbani. Tumezoea kukusanya watoto wasumbufu mahali pamoja tukiamini tunawarekebisha, iwe kambini au kwenye mahabusu ya watoto.

Hata hivyo, wanaompinga McCord wana hoja za kusikilizwa. Mradi ule ulipitia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, washauri wengi wakaitwa jeshini na watoto wakabadilishiwa walezi njiani. Mtoto aliyezoea mtu halafu akampoteza huumia, na hilo si kosa la msaada wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wakati wengi wa wavulana wale walikuwa wameshafariki, haukuona tena tofauti ya maana ya vifo kati ya makundi mawili. Tena wote 506 walikuwa wavulana. Mwaka uleule wa 1968 McCord alipopata udaktari wake, Frances Heidensohn wa Uingereza aliandika makala kulalamika kwamba taaluma ya kuchunguza uhalifu imewasahau wanawake. Kwa hiyo kuhusu binti wa Ngamiani, hapa Tanga, takwimu hizi hazisemi kitu.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya huruma. Utarushaje sarafu mtaani kwetu, mtoto wako apate na wa jirani akose, kisha mkutane kisimani au msikitini? Nimeifikiria sana, na nadhani inajibika. Nafasi za kambi hazitoshi siku zote, na mara nyingi hupata yule ambaye mzazi wake anajuana na mwenyekiti wa mtaa. Kura ya wazi mbele ya wazazi ni haki zaidi kuliko hivyo.

Nisichokikubali ni mtu kumtumia McCord kufunga mfuko. Hakusema watoto waachwe. Alisema tusimpe mtoto dawa ambayo hatujaijaribu kwa sababu tu inatoka kwa mtu mwema. Kwetu hapa ningeanza kwa kuchanganya: kijana mmoja mkorofi awekwe kwenye timu ya mpira au karakana ya useremala yenye vijana waliotulia, asipelekwe kambi ya wakorofi watupu. Na mlezi awe mmoja, wa mtaani, atakayekuwepo mwakani.

Waandaaji wa kambi za Desemba hii wahifadhi orodha mbili, ya waliopata nafasi na ya waliokosa, zikiwa na namba za simu za wazazi na kwa ridhaa yao. Bila orodha ya waliokosa, hata mtafiti hodari akija Tanga mwaka 2040 hatakuwa na cha kulinganisha.