Kanisa la Wagonjwa, Bwawa la Wakazi

Huko Woodford Bridge, pembezoni mwa London, kuna kanisa ambalo watu waliligeuza la kuingia na taulo begani. Lilikuwa kanisa la Claybury, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1893 na kufungwa 1997. Wodi zikawa fleti, mtaa ukapewa jina jipya la Repton Park, na kanisani likawekwa bwawa la kuogelea. Matao yamebaki, madirisha marefu yamebaki.

Nilipoona picha mara ya kwanza nilicheka. Wala sitajifanya mcha Mungu kuliko nilivyo: kanisa lisilo na waumini haliwi takatifu zaidi kwa kuachiwa njiwa. Paa likivuja lazima atokee mtu wa kulilipia, na hapa waliolilipia ni wanunuzi wa fleti. Haya, wameze maji yao salama. Kinachonikera mimi ni geti. Wengi wa waliosali mle hawakuwa na ruhusa ya kutoka. Sasa sisi wa nje ndio hatuna ruhusa ya kuingia.

Na msiniambie haikuwezekana vingine. Katikati ya jiji hilohilo, Hospitali ya Middlesex ilifungwa 2005, kisha 2008 tingatinga zikaibomoa. Kanisa lake, lililosanifiwa na John Loughborough Pearson, lilikuwa linalindwa na sheria, basi likabaki peke yake kwenye kifusi kama jino la mwisho la bibi kizee. Fleti na ofisi zikaota pande zote. Lakini kanisa likakarabatiwa na mlango ukaachwa wa watu: maonyesho, muziki, harusi, au mpita njia tu kama mimi.

Kwa nje ni matofali mekundu, unaweza kulipita ukitafuta chai. Ukiingia, shingo inakuuma kwa kutazama juu: dari ni vigae vidogo vya dhahabu, na kuta ni marumaru za kila rangi. Nilikaa sana kwenye beseni la ubatizo, la marumaru ya kijani iliyokolea. Lina maneno ya Kigiriki ambayo ukiyasoma kutoka kushoto au kulia, herufi ni zilezile: osha dhambi zangu, si uso wangu tu.

Nikawakumbuka waogeleaji wa Claybury, na klorini yote ile.