Gari la Kesho Linakula LUKU Yangu ya Leo

Siku hizi Dar es Salaam kila mtu ni mhandisi wa magari ya kesho. Mtu hana hata baiskeli, kandambili zake zimefungwa kwa waya, lakini mguse habari ya umeme na haidrojeni uone anavyokaa sawa kwenye benchi. Mimi ninayeendesha gari kila siku ya Mungu, nikisema tairi zimepanda bei, hakuna anayegeuza shingo. Sema "betri" tu, hata muuza kahawa anaacha kugonga vikombe.

Sina ugomvi na kesho. Ije. Ninachouliza mimi ni kimoja: kwa nini kesho ya watu wote ianze kujaribiwa kwenye LUKU yangu?

Mdogo wake mke wangu kanunua pikipiki ya umeme. Nilimpongeza, kwa nini nisimpongeze? Haina kelele, haina moshi, haina habari za kumwaga oili. Jumamosi akaja kutusalimia, kavaa vizuri, na begani kabeba ekstensheni. Toka nioe sijaona mtu anakwenda kuwajulia hali ndugu zake na ekstensheni. Hata chai haijamiminwa, ananiambia, "Shem, naomba nichomeke kidogo." Kabla sijajibu jokofu lilishachomolewa na samaki wangu wa Ferry wameanza kulegea.

Sasa muielewe nyumba yangu. Sisi tuko kwenye lile kundi la matumizi madogo. Uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 100. Ukivuka hapo, uniti ya ziada ni 350, na kodi bado. Kwa hiyo kwangu uniti 75 zinaheshimiwa kuliko baba mwenye nyumba. Pasi ni mara moja kwa wiki, tena nguo za juu tu, kwa sababu suruali unaikunja chini ya godoro unailalia. Jokofu usiku linapumzika. Mwanangu wa kwanza anajua kuzima taa ya chumba kabla mtu hajamaliza kutoka.

Mita ya LUKU iko juu ya mlango wa sebuleni, ina kitaa chekundu. Kikipepesa polepole nalala usingizi. Jumamosi ile kilikuwa kinapepesa kwa pupa mpaka ukutani unaona wekundu unacheza. Nilikaa nacho pale, naangalia namba zinashuka, shemeji yuko mezani anaongeza wali. Betri yake moja inameza uniti tatu hivi, na anakuja nayo ikiwa haina kitu kabisa, hata honi hailii. Halafu huyo huyo namkuta kijiweni anawatambia wenzake wa bodaboda za petroli: "Mimi natembea kilomita sabini mjini bila kutoa senti tano!" Ni kweli tupu. Senti tano anatoa nani?

Mwanamume mzima sikuweza kununa kwa ajili ya uniti tatu, mke wangu angesema nambagua ndugu yake. Basi nikapeleka malalamiko kijiweni, nikidhani nitaonewa huruma. Badala yake nikaangukia kwa Mwalimu.

Mwalimu amefundisha kemia mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumpunguza. Ukimwamkia shikamoo, anakuitikia marahaba, halafu anakuuliza valensi ya oksijeni. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, shemeji yako kanunua kitu cha kupita. Betri ni mzigo, na kuchaji ni kazi ya kungoja. Mambo yote ni haidrojeni. Kuna gari la Toyota, Mirai, Wajapani wameliuza tangu 2014. Unajaza dakika tano, unakwenda kilomita mia sita na ushee, na huku nyuma linatoa maji matupu."

Nikauliza, ile haidrojeni inachomwa kwenye injini? Hapana, inakutana na oksijeni ya hewani ndani ya seli ya mafuta, unazaliwa umeme, umeme unazungusha mota. Kwa hiyo Mwalimu, hilo nalo ni gari la umeme? Ni la umeme, ila linajitengenezea lenyewe. Na haidrojeni yenyewe inatoka wapi? "Unachukua maji," akasema taratibu, maana alishaona ninakoelekea, "unayapitishia umeme."

Jamani! Umeme unatengeneza haidrojeni, haidrojeni inabanwa kwenye mtungi, inasafirishwa, inatiwa kwenye gari, ikifika humo inageuzwa tena kuwa umeme. Ni mtu wa Ubungo anakwenda Kariakoo kwa kupitia Bagamoyo, na nauli analipa kila kituo. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kila inapogeuzwa kuna kinachopotea. Ukianza na uniti mia, la betri linafikisha sabini au themanini kwenye tairi. La haidrojeni likifikisha thelathini, lipigie makofi.

Tukaomba kalamu kwa muuza kahawa, tukaandika kwenye boksi la sigara. Kilo moja ya haidrojeni ya maji inakula uniti 50 mpaka 55. Tenki la Mirai la sasa linabeba kilo 5.6. Zidisha. Ni karibu uniti 300! Kwangu mimi hiyo ni miezi minne ya umeme kwenye tenki moja, na pasi hatujaigusa. Gari la betri kwa mwendo huo huo lingetumia kama theluthi tu. Kijana mmoja wa upande wa betri akaanza kumcheka Mwalimu, nikamwambia asifurahi mapema. Gari la betri la Nissan Leaf, zile za mwanzo za 2010, betri yake ni uniti 24. Ijaze mara tatu, zimebaki uniti tatu za mwezi mzima, na hizo anazisubiri shemeji.

Mke wangu yeye katika haya yote alishika neno moja tu, maji. Ni kweli, kilo ya haidrojeni ikitumika inaacha lita tisa hivi za maji, kwa hiyo tenki zima ni lita 50, dumu mbili na nusu. Na Mirai ina kitufe kabisa cha kuyamwaga. Nikamwona mwenzangu anawaza. Kwetu bomba likikohoa hewa siku tatu mfululizo hatushtuki, tunanunua kwa boza. "Baba Neema, si lingetufaa hilo? Ukirudi kazini unaegesha juu ya beseni." Nikamweleza kwamba maji hayo ndiyo yale yale yaliyotiwa mwanzo kutengeneza haidrojeni, hakuna yaliyoongezeka. Akasema mimi nina tabia ya kukatisha watu tamaa.

Lakini wanaonitapisha zaidi ni hawa wanaosema haidrojeni ni rahisi, unasimama kituoni, unajaza, unaondoka. Kituo gani? Mimi gari langu linatumia gesi asilia. Gesi yetu wenyewe, inayokuja kwa bomba kutoka Songosongo tangu 2004. Nilifunga mfumo, mtungi ukakaa kwenye buti, na tangu hapo abiria akija na begi kubwa, begi linakaa kiti cha mbele na yeye anakaa nyuma analichungulia. Sikatai, gharama imeshuka. Ila nilichookoa kwenye mafuta nimekilipa kwa usingizi. Unafika kituoni saa kumi alfajiri unakuta bajaji zimejipanga mpaka barabara kuu, madereva wamelaza viti, miguu nje ya dirisha. Unasukuma gari kwa mkono, maana kuwasha ni kumaliza hicho kidogo kilichobaki. Unakaribia, umebakiza magari mawili, yule kijana wa pampu anatoka anasema, "Presha imeshuka, subirini ipande." Ipande! Na humo kwenye mtungi wangu ni presha ya bar 200 tu. Haidrojeni ya magari inajazwa mpaka bar 700. Tairi langu hapo lina bar mbili na kidogo na bado fundi akilijaza nasimama pembeni.

Kama ni sisi tu, ningesema ni shida ndogo ndogo za nyumbani. Lakini California, Marekani, watu wenye hela, haidrojeni ilifika dola 36 kwa kilo. Piga hesabu ya tenki: dola mia mbili, karibu laki tano za kwetu, kujaza gari dogo! Na Februari 2024 Shell wakatangaza wanafunga vituo vyao vya haidrojeni vya magari madogo huko. Mtu ana gari jipya, linang'aa, halitoi hata moshi, halina pa kujaza. Halafu haidrojeni nyingi inayotengenezwa duniani leo haitoki kwenye maji yaliyopitishiwa umeme, inatolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Yaani tuchukue gesi ninayoikeshea foleni, tuichemshe na mvuke, tutoe haidrojeni, hewa ya ukaa iende zake juu, halafu tuite hiyo usafiri safi. Mimi nitakuwa foleni gani hapo?

Mwalimu hakubali kushindwa hadharani, na kwa kweli kuna mahali alinibana. Alisema, "Sawa, umenishinda kwenye vigari vyenu. Lori la kwenda Lubumbashi je?" Nikanyamaza. Dereva wa lori anatoka bandarini na tani zake, anapanda mlima Kitonga, anapanga foleni mpakani Tunduma, bado Zambia nzima. Betri ya kumfikisha huko ni tani kadhaa, na kila kilo ya betri ni kilo ya mzigo iliyobaki Dar. Na atachajia wapi, kwa shemeji yake? Hapo labda haidrojeni ina la kusema. Meli vilevile, na mbolea, maana amonia ya mbolea inameza haidrojeni nyingi hata leo. Nikampa Mwalimu pointi yake, akainywea kahawa.

Dunia lakini imeshachagua upande kwa magari madogo. 2024 peke yake magari ya kuchomeka yaliyouzwa yalizidi milioni 17, yakiwemo yale yenye injini na betri kwa pamoja. Na hapa kwetu aliyewahi kabisa ni treni. SGR haibebi betri, haibebi mtungi, inachukua umeme juu kwenye nyaya na kukimbia mpaka Dodoma. Safi sana. Ila mwaka ule ule wa 2024 ilipoanza, siku moja ikasimama, tukaambiwa ni ngedere na bundi wameingilia mambo ya umeme. Nikasema ahaa. Bwawa la Julius Nyerere megawati 2,115, matrilioni ya shilingi, reli ya kisasa, halafu bundi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya teknolojia ipi ni bora kabla hajaniambia ngedere amewekwa upande gani.

Wakati mimi nabishana huko, nyumbani mambo yameshaamuliwa bila kura yangu. Juzi narudi na gari, nakuta pikipiki nne zimepangwa ukutani, ekstensheni ya shemeji imepitishwa dirishani, na kwenye geti kuna kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: CHAJI SIMU 300, PIKIPIKI 2,000. Mke wangu kakaa kwenye kigoda na daftari. Shemeji ndiye wakala, analeta wenzake. Uniti 75 tulishazivuka tangu wiki iliyopita, hatumo tena kwenye kundi la wanyonge, na ujumbe wa tokeni unaingia kwenye simu yangu, pesa zinakatwa kwenye akaunti yangu.

Nikauliza kwa upole, mapato yako wapi. Mke wangu hakuinua hata macho kwenye daftari. "Baba Neema, kwanza sogeza hilo gari lako la gesi, umewazibia wateja njia."